Ottokar Wessely, Mzimu wa Prater, Anatundika Shuka

Leo Jumanne, tarehe 31 Oktoba, taa za Ngome ya Giza, nyumba yetu ya kutisha watu kwa tiketi hapa kwenye viwanja vya burudani vya Prater, zikizimwa kupisha majira ya baridi, Mzee Ottokar Wessely atavua shuka lake kwa mara ya mwisho. Ametumikia ngome hii miaka thelathini na minne kwa cheo kimoja tu: mzimu. Hakupandishwa, hakushushwa, hakuhamishiwa kwenye bembea wala kwenye magari ya kugongana. Aliingia mzimu na anatoka mzimu, na sisi wenzake tuliokusanyika hapa na soseji zetu mkononi tunasema hajatokea mwingine kama yeye tangu Prater iwe Prater.

Bibi Pamminger, mwenye ngome, ndiye aliyesema niandike mimi. Alisema nimekaa naye karibu, yeye gizani na mimi nje kwenye dirisha la tiketi, na kwamba mafundi wakiachiwa kalamu wataandika matusi, ingawa ya mapenzi. Basi nimeandika mwanangu akiwa amelala, kidogo kidogo, na palipo na makosa naomba msome kwa haraka.

Mzee Ottokar hakuja Prater kuwa mzimu. Alikuja kutengeneza jeneza. Alikuwa fundi seremala kijana kutoka mtaa wa Favoriten, akaitwa asubuhi moja ya Aprili kwa sababu kifuniko cha jeneza la pili kushoto kilikuwa kinakwama, na maiti ya plastiki haichomozi kwa wakati. Akaingia mwenyewe ndani ya jeneza ili apige msumari kwa chini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba vigari vya kuwapitisha watalii ndani ya ngome vimeshaanza kutembea. Kigari cha kwanza kilipofika, akainua kifuniko, uso mweupe kwa vumbi la mbao, misumari imejaa mdomoni, akauliza kwa adabu kama kuna mtu mwenye koleo. Mama mmoja na mumewe walitoka nje mbio, wakavuta pumzi, wakakata tiketi nyingine palepale. Marehemu mzee Pamminger, baba yake bibi yetu, aliliona hilo kwa macho yake, akamwajiri kijana kabla hajamaliza kutema misumari. Cheti hakikuulizwa. Jeneza lenyewe bado linakwama mpaka leo.

Maneno yale kuhusu koleo yalikuwa ya kwanza na ya mwisho kutoka kinywani mwake akiwa kazini. Mzee Ottokar anaamini kwamba mzimu akisema neno moja tu, hata "samahani", anageuka papo hapo kuwa mwanamume aliyevaa shuka, na mwanamume aliyevaa shuka hatishi mtu, anamchekesha mkewe tu. Kwa hiyo hasemi. Amekanyagwa vidole, amenyamaza. Amepigwa mwavuli wa kichwa na bibi mmoja wa mji wa Graz, amenyamaza. Mwaka ule nyigu alipomwingia chini ya shuka, watalii waliopita dakika hiyo waliandika mtandaoni kwamba mzimu wa Ngome ya Giza ni mchezaji dansi wa hali ya juu, na bado hakusema neno. Kitu kilichomshinda ni mafua. Siku moja alipiga chafya kwenye kona, na mwanamke aliyekuwa anapiga kelele akakatiza kelele zake, akamtakia afya njema, kisha akaendelea na kelele pale alipoachia.

Silaha yake kubwa ni mkono wa kushoto. Wengine hapa Prater wana mashine za kutoka Ujerumani, zinatoa moshi, zinanguruma, zinatema maji. Yeye ana chupa ya bia. Huishika chupa hiyo ya baridi kati ya kigari na kigari, kisha unapopita kona ya mchawi, ukidhani mabaya yamekwisha, kidole kimoja kinakugusa shingoni, nyuma ya sikio. Basi. Hakuna zaidi. Watu wamelia kwa lugha zote za dunia kwenye kona ile. Jioni bia huwa imepata joto na haina hamu tena, naye humpa fundi wa umeme, ambaye hunywa chochote.

Shuka ni kazi ya mkewe, Bibi Gusti. Kila Jumatatu huyafua mashuka ya juma zima, huyatia wanga, huyapiga pasi mpaka mikunjo inasimama kama wembe, na kuyaweka kabatini pamoja na vifuko vya maua makavu ya lavenda. Bibi Pamminger aliwahi kumwambia kwa upole kwamba mzimu angependeza zaidi akiwa amechanikachanika na mwenye ukungu. Gusti alimjibu kwamba mumewe hatatoka nyumbani mchafu kwenda kutisha watu, majirani watasema nini. Ndiyo maana mzimu wetu ana mstari wa pasi katikati ya kifua, na herufi O.W. zimetariziwa kwenye pindo, na watalii hutoka wakisema wameguswa na mfu anayenukia kama kabati la bibi yao. Kuna waliosema hilo ndilo lililowaogopesha kuliko kidole.

Watalii wa mji huu wana ratiba yao. Asubuhi kasri, adhuhuri kanisa kuu, mchana farasi, alasiri gurudumu kubwa la kuwapandisha watu angani, na wakishuka kwenye gurudumu miguu ikitetemeka ndipo wanatuona sisi. Mzee Ottokar mwenyewe hajawahi kukanyaga kasri. Anasema haoni sababu ya kukata tiketi ili utembezwe kwenye vyumba vya watu waliokufa, halafu asitokee hata mmoja wa kukugusa shingo. Kulikuwa na mwongozaji mmoja aliyewaambia wageni wake, miaka na miaka, kwamba yule ni mzimu wa mtawala fulani aliyekabwa na mfupa wa kuku. Mzee Ottokar alipopata habari hakukasirika. Alianza kukohoa kidogo kila kigari cha mwongozaji huyo kilipopita, ili asimwaibishe mbele ya wageni.

Na vitu jamani. Huwezi kujua binadamu ameshikiliwa na nini mpaka umwone anavyoangusha. Meno ya bandia, nywele za bandia, kiatu cha bibi harusi, na safari moja bwana harusi mwenyewe. Mzee Ottokar akiokota kitu huvua shuka, huchana nywele, hupitia mlango wa nyuma na kumrudishia mwenyewe. Hakuna anayemtambua. Wanamshukuru yule mzee mfupi mwenye miwani na sweta la sufu, na wanamwonya asije akajaribu kuingia mle ndani kwa umri wake, kuna kitu kibaya sana. Yeye hujibu kwamba amesikia habari zake.

Mwanangu Luka amekulia nyuma ya dirisha la tiketi, kwenye kigari chake cha kusukuma, kwa sababu chekechea hawakuwa na nafasi. Alipoanza kuota meno alilia mpaka watu kwenye foleni wakadhani ni sauti ya ngome, na tiketi zikauzika. Mzee Ottokar akatoka nje na shuka lake, akanawa kidole, akakipoza kwa chupa, akamgusa ufizi. Mtoto akanyamaza. Halafu akacheka. Tangu hapo Luka ndiye mtu pekee mjini hapa anayecheka akimwona mzimu, na asipomwona ndipo analia. Wengine wananiambia nimemharibu. Mimi naona kinyume. Mtoto aliyebembelezwa na mzimu, sijui ni kitu gani kitakuja kumtisha huko mbele.

Sasa niseme lile jambo, maana kila mtu Prater amelisikia kwa namna yake, na wengine wameshalitia chumvi.

Kwa nje Mzee Ottokar ni mtu aliyeridhika. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka kabla hajastaafu, na wala hakikuwa chake. Alitaka Gusti wake apewe kahawa ya kwanza.

Kila Jumapili saa kumi, Ottokar na Gusti hunywa kahawa Kafe Zwirner pamoja na dada yake Gusti, Wilma, na mume wa Wilma, Edelbert. Edelbert huyo ni Mshauri wa Kasri. Kasri lenyewe halina mfalme kwa zaidi ya miaka mia na siku hizi linauza tiketi kama sisi, na Edelbert alipokuwa kazini alishughulikia mifereji ya maji taka, lakini cheo ni cheo, na mkewe kwa haki hiyo hiyo ni Bibi Mshauri. Mhudumu wa pale, Bwana Kajetan, mwenye tai nyeusi ya kipepeo na mgongo ulionyooka kama mpini wa ufagio, hugawa kahawa kwa cheo. Anakuja na sinia moja. Anaanza na Bibi Mshauri, anambusu mkono kwa maneno bila kuugusa, anamuuliza mguu unaendeleaje, na mguu wa Wilma una historia ndefu. Kisha Mheshimiwa Mshauri, naye ana maoni juu ya serikali. Kisha sinia linahamia meza ya jirani, kwa sababu pale kuna daktari wa meno na Bibi Daktari. Mpaka lirudi kwa Gusti, maziwa yameshafanya utando juu ya kikombe.

Kajetan si mtu mbaya. Mwanzoni kabisa, kwa huruma, alijaribu kumwita Ottokar Bwana Daktari, kama anavyomwita kila mwenye miwani. Edelbert akaguna. Na Ottokar, ambaye uongo haumkai mdomoni, akasema hapana, yeye ni mzimu. Tangu siku hiyo Kajetan hakumwita kitu. Akifika kwake alikuwa anasafisha koo tu, na Gusti naye akabaki mke wa mtu anayesafishiwa koo. Aliwahi kujaribu kufika mapema ili aagize peke yake. Kajetan aliikubali oda kwa heshima zote, akasimama nayo jikoni mpaka Bibi Mshauri alipowasili.

Mtu atauliza kwa nini wasihamie mkahawa mwingine. Anayeuliza hivyo si mtu wa Vienna. Hapa mtu anaweza kuhama nyumba, kuhama chama, hata kuhama mke, lakini mkahawa wake hahami.

Gusti hakulalamika hata siku moja. Ila Ottokar alimwona, Jumapili baada ya Jumapili, akikishika kile kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta joto na asilipate. Akamwahidi, wakiwa kwenye tramu wanarudi nyumbani, kwamba kabla hajavua shuka atahakikisha Gusti anahudumiwa wa kwanza, kahawa inafuka moshi, na dada yake akiwa amekaa anaona. Gusti akamwambia aangalie wasipitilize kituo.

Mwaka huu Bibi Pamminger akaamua kulivalia njuga. Yeye ni Mshauri wa Biashara, alipewa cheo hicho kwa kuendesha mizimu muda mrefu, akaona si haki mwenye mizimu apate cheo na mzimu mwenyewe akose. Akapiga simu ofisi inayohusika na kugawa vyeo. Bwana aliyepokea alikuwa mpole mno. Alieleza kwamba wanawapa walimu, wanawapa waimbaji, waoka mikate, hata mtu mmoja aliyefuga nyuki kwa uangalifu, isipokuwa mizimu haina fungu. Akashauri labda aombewe kama msanii, apate kuwa Profesa, lakini msanii lazima aonyeshe kazi zake. Ottokar alipoulizwa kazi zake ziko wapi, akasema zote zilitoka mbio zikaenda kwao. Ombi likaishia hapo.

Hiyo ilikuwa Septemba. Wiki zilizobaki Mzee Ottokar aliendelea kugusa shingo, ila wenye macho tuliona kidole hakina moyo. Mtalii mmoja alitoka akasema alidhani ni inzi. Gusti alileta mashuka kama kawaida, akauliza kama mzee anakula mchana wake. Nikamwambia anakula. Hakuwa anakula, alikuwa anampa Luka.

Jumatano iliyopita Bibi Pamminger aliwaalika ndugu na marafiki wa Mzee Ottokar waje wapande bure, kama njia ya kumuaga. Wilma akasingizia mguu. Edelbert akaja kwa sababu ilikuwa bure. Kajetan naye akaja. Gusti ndiye aliyemkaribisha, roho yake ndivyo ilivyo. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini tai ilikuwa ile ile. Vigari vyetu hubeba watu wawili, na walifika dirishani pamoja, basi nikawaketisha pamoja na kuwafungia kile chuma cha mbele. Edelbert akasema, kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, kwamba haya ni mambo ya watoto na watalii, na kwamba yeye anamjua aliye chini ya shuka mpaka saizi ya soksi zake.

Dirishani nina spika inayoniletea sauti za ndani, ili mtu akizimia nijue. Siku ile foleni nzima ilisikiliza nami. Na aliyoyaona Kajetan alitusimulia baadaye bila kupunguza kitu, kwa sababu kazi yake ni kukumbuka.

Wakafika kona ya mchawi. Kidole kikafanya kazi yake, na safari hii hakikuwa inzi. Kelele iliyotoka sijui niifananishe na nini. Luka alipiga makofi. Edelbert akajichomoa kwenye chuma akaruka chini. Sasa ngome yetu, kwa usalama, mtu akikanyaga reli tu umeme wote unakatika wenyewe. Mifupa ikaacha kugongana, mchawi akaacha kucheka, ikabaki taa ndogo ya kijani ya mlango wa dharura. Edelbert akakimbilia kusiko na njia, akaingia mzima mzima kwenye utando wa buibui, ule wa kamba, ukamfunga mikono. Mzee Ottokar akamfuata ili amtoe, shuka jeupe linakuja taratibu gizani, mkono umenyooshwa. Angeweza kumwambia, shemeji, ni mimi. Hakumwambia. Alikuwa kazini.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Edelbert ni mtu wa Vienna mpaka kwenye uboho. Mtu wetu akimsemesha mtu asijibiwe, hafikirii kwamba mwenzake ni kiziwi au amenuna. Anafikiri amemwita kwa cheo kidogo.

"Bwana," alisema Edelbert.

Kimya.

"Bwana Daktari."

Kimya, na shuka linasogea.

"Bwana Profesa, mimi nina mke. Mguu wake ni mbaya, ananitegemea."

Kimya.

"Mheshimiwa Mshauri. Mheshimiwa Mshauri Mkuu."

Kidole kikawa karibu na pua yake. Spika yangu ilikuwa haitoi kitu ila pumzi. Kisha ikatoka sauti ndogo, kama ya mtoto anayeomba maji.

"Mtukufu. Mtukufu, naomba unihurumie."

Ndipo Mzee Ottokar alipomfikia, akamfungua kamba moja moja, akamshika mkono, akamtoa nje hatua kwa hatua kama anayempeleka mtoto shule. Kwa yeyote aliyetazama, ilikuwa dhahiri kwamba mzimu ameitikia alipoitwa Mtukufu.

Nje, kwenye mwanga, Mzee Ottokar akavua shuka na kuchana nywele. Edelbert alikuwa amejitanda utando wa buibui mabegani kama mtandio wa harusi, amewiva uso, anasema umeme wa hapa ni wa hovyo. Kajetan akatoka nyuma yao, akanyoosha tai, akasimama mbele ya Edelbert kama anayesubiri oda.

"Niwie radhi, Mheshimiwa Mshauri. Yule uliyemwita Mtukufu, ndiye huyu?"

Edelbert akasema ilikuwa giza. Akasema ilikuwa utani wa kifamilia. Akasema maneno ya mtu aliyeshtuka hayahesabiki. Kajetan alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Mheshimiwa, kahawa ikikosewa naweza kuirudisha jikoni," alisema. "Cheo kilichotoka kinywani mwa Mshauri wa Kasri, nikirudishe wapi?"

Edelbert alikuwa na njia mbili tu: akubali kwamba mume wa shemeji yake ni Mtukufu, au akubali kwamba Mshauri wa Kasri anaweza kukosea cheo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunga kinywa. Bibi mmoja mtalii mwenye ramani, ambaye hakuelewa lugha ila alielewa hali, akamwinamia Mzee Ottokar kidogo, kwa tahadhari.

Lakini Prater si Kafe Zwirner, na Jumatano si Jumapili. Gusti alipohadithiwa alitikisa kichwa, akasema wahudumu wana kumbukumbu yao ya kazini, na huko sisi hatumo. Mzee Ottokar naye hakulala vizuri, nilimwona macho. Jumamosi akanijia dirishani, akaniuliza kama mimi na Luka tungependa kwenda nao kesho yake. Hakusema kwa nini. Nadhani alitaka watu wa upande wake mezani.

Tukaenda. Luka nilimvisha shati lake la kola. Wilma alikuwa ameshaketi, kofia kichwani, hajui lolote, kwa sababu Edelbert hakumwambia. Edelbert alijificha nyuma ya gazeti. Gusti alikaa mahali pake pa siku zote, kwenye kona ya meza, mikono mapajani. Mzee Ottokar alikuwa anakunja kitambaa cha meza na kukikunjua. Mlango wa jikoni ukafunguka na Kajetan akatokea na sinia, vikombe vinafuka. Wilma, kwa mazoea, akanyoosha mkono.

Kajetan akapita. Alipita kofia ya Wilma, akapita gazeti, akazunguka meza yote mpaka kwenye kona, akainama mpaka tai ikaning'inia.

"Nabusu mkono, Bibi Mtukufu. Kahawa yako."

Mkono wa Wilma ulibaki hewani. Mwishowe akautumia kurekebisha kofia. Akamgeukia mumewe amweleze, na mumewe akageuza ukurasa, nalo gazeti lilikuwa juu chini. Gusti alikitazama kikombe kama kitu cha mtu mwingine kilichosahaulika mbele yake. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akakivuta, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kahawa iliyopoa, akapiga funda moja kubwa la mwenye kiu.

Machozi yakamtoka. Mzee Ottokar akainuka nusu, akamuuliza nini, nini.

"Ya moto," alisema Gusti, ulimi umeungua, maneno yanamtoka yamejikunja. "Ottokar, ni ya moto kweli."

Mzee Ottokar akataka kumnyang'anya kikombe apoze kidogo. Gusti akakikumbatia, hakukitoa.

Halafu Kajetan, kwa kuwa ndiyo desturi ya kikombe cha kwanza, akamuuliza anaendeleaje. Hakuna aliyewahi kumuuliza Gusti hivyo mahali pale. Akafikiri kidogo, akaanza na mashuka. Akaeleza wanga, akaeleza pasi, akaeleza lavenda ya mwaka huu ilivyokuwa haba, na Kajetan akasikiliza yote, sinia mkononi. Alipofika kwa Wilma, utando wa maziwa ulikuwa umeshatanda. Wilma akautazama kwa mshangao wa dhati, maana hakuwahi kukutana nao. Gusti akainuka, akachukua kijiko, akamwonyesha dada yake jinsi ya kuuvuta taratibu mpaka ukingoni ili usikatike, akampa na nusu ya keki yake. Mheshimiwa Mshauri alihudumiwa wa mwisho katika familia, na siku ile hakuwa na maoni juu ya serikali.

Hiyo ndiyo kazi ya miaka thelathini na minne ya Mzee Ottokar, kama mimi ninavyoielewa. Ofisi inayohusika haikumpa kitu, na wala hakubadilika. Kajetan alipomuuliza naye aitweje kuanzia sasa, akajibu kwamba mpaka Jumanne ni mzimu, na baada ya hapo ni mzimu mstaafu. Kajetan akasema vyema, Mtukufu.

Nafasi yake itajazwa msimu ujao. Anayejua kunyamaza aonane na Bibi Pamminger. Walikuja wawili tayari, na wote wakaanza kwa kujieleza.

Mzee wetu, kwa niaba ya Bibi Mshauri wa Biashara Pamminger, mafundi, mchawi, mifupa na jeneza la pili kushoto, tunasema ahsante. Ahsante kwa kila shingo. Ahsante kwa meno yote uliyoyarudisha kwa wenyewe. Luka bado hajui kusema ahsante, ila usiku akitaka kulala anavuta shuka kichwani na kucheka, nadhani ndiyo namna yake. Nenda ukapumzike, afya iwe tele, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye mwanga, maana giza umelimaliza lote wewe mwenyewe. Na wewe Bibi Mtukufu Gusti, Mungu akujalie Jumapili nyingi, nyingi sana. Kuanzia wiki hii kahawa itakuwa inafika ya moto. Ipulize kwanza.

Biljana, dirisha la tiketi